Doa Bichi

Kabla hajatua mkoba, mgeni alimkuta fundi bomba katika chumba alichopanga, kiganja juu ya doa bichi la ukutani.

"Ni bomba tu, vunja," mama mwenye nyumba alisema kinyonge. Rangi ilikuwa ya juzi.

Fundi alijifuta vidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kabla ya kila jibu. "Mama, hata paa lingevuja, doa lingekuwa hilihili. Ukuta ukivunjwa ndiyo basi, ila koki ya maji ikifungwa hufunguka tena." Akaifunga, aone kama ukuta utakauka.

"Na ukikauka kwa sababu mvua imekata?" mgeni alimchokoza.

Akajifuta tena. "Nitafungua maji, tuone kama utalowa. Nikikosea, ukuta ungali mzima."

Akaondoka akipiga mluzi. Mgeni alibaki kuoga kwa kopo, na mama, sasa akicheka, akamletea ndoo ya pili.