Diwani Hakuhama Nasi

Nilipokuwa na miaka tisa tulikaa Gatwekera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, katika ploti ya vyumba sita vya udongo na mabati, pamoja na paka ambaye hakuwa wa mtu. Alikuwa jike la kijivu, sikio moja limechanika. Jirani yetu Mama Achieng alimpa jina la Diwani, kwa sababu alipita mlango kwa mlango akitaka kitu, na akishapata haonekani tena.

Kwetu ndiko alikokaa zaidi. Mwaka uliotangulia, mdogo wangu Nekesa aliugua kifua kwa wiki mbili, na siku hizo zote paka alilala miguuni pake. Mama hakumfukuza, maana mtoto alitulia akiwa naye. Nekesa alifariki asubuhi. Baba husema ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi, maana Mama alikuwa aende kufulia watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, na siku yake ya kufua huko ilikuwa Alhamisi.

Kisha mwenye ploti akatuambia sote tutoke, anataka kujenga nyumba ya mawe. Baba, fundi wa mbao, alipata chumba mtaa mwingine, Kawangware. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo Kukhu, mama yake Baba, alikuja kutoka Bungoma kusaidia. Alilala kwa Mama Achieng, kwani kwetu mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkaza mwana. Mchana alishinda nasi, akifunga vyombo.

Nilipouliza nani atambeba Diwani, Kukhu hakuinua macho.

"Hiyo paka haiendi."

"Kwa nini, Kukhu?"

"Paka ni wa nyumba. Kile ameona hapa, akiingia nyumba nyingine anaingia nacho." Akaelekeza kidevu kwenye tumbo la Mama.

Baba alijaribu kucheka. "Mama, hiyo ni paka ya panya tu."

"Nimezika wajukuu wawili, Nekesa wa pili. Sitaki kuja Nairobi tena kwa hiyo kazi."

Baba akashika kamba, akafunga sanduku la vifaa vyake. Nilimtazama Mama nikitumaini atasema neno, lakini mkaza mwana hashindani na mama mkwe, na yeye aliendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kumwua halikuwa jambo la kufikiriwa. Anayeua paka, walisema, mkono wake hutetemeka maisha yote, na Baba alikula kwa mkono wake. Kumpa mtu pia kulishindikana, kwa kuwa kila mtu alikuwa anahama.

"Mimi mwenyewe naenda kubanana kwa dada yangu na watoto wake watano," Mama Achieng alisema. "Nikifika na Diwani, ataniuliza kama nimehamisha na baraza lote la jiji."

Ikaamuliwa apelekwe Ayany, mtaa wa jirani, nyuma ya bucha moja ambako hapakosi mifupa. Kukhu alitoa masharti: atiwe ndani ya gunia asione njia, na kwenye kona ya mwisho gunia lizungushwe mara tatu, apoteze upande wa nyumbani.

Baba alikuwa amebeba vifaa vyake vya kazi, kwa hiyo gunia nililibeba mimi. Tulipofika kwenye kona aliniambia, "Zungusha vile Kukhu amesema," akageuka kutazama upande mwingine. Nadhani aliona aibu. Sikuzungusha. Nilihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti, huku nikilitikisa gunia kidogo ili lisikike. Nilitaka Diwani arudi. Akisharudi itakuwaje, sikuwa nimefikiri.

Tulipomfungulia, aliketi akatutazama. Mwenye bucha alitoka akijifuta mikono.

"Mmeniletea mfanyakazi?"

"Ndiyo," Baba alijibu. "Mshahara wake anajikamatia mwenyewe."

Yule mtu alicheka, akamrushia kipande cha mafuta. Diwani alikula chote, akajilamba, akajilaza juani. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Pale angeishi.

Siku ya tatu, mkokoteni ukiwa umeshapakiwa, nilirudi ndani kuchukua beseni. Diwani alikuwa amelala sakafuni, mahali palipokuwa godoro. Mama aliingia nyuma yangu. Aliweka mkono tumboni na mwingine ukutani.

"Nani amemrudisha?" aliuliza kwa sauti ndogo sana.

Kukhu akaja mlangoni. Alimtazama paka, kisha akanigeukia mimi.

"Ulizungusha?"

"Nilizungusha."

Akamwambia Mama atoke asigeuke nyuma, nami nifunge mlango, paka asije akaufuata mkokoteni. Mama alitoka. Nilibaki nimeshika komeo, paka akinisugua mguuni, na Baba nje akiniita niharakishe. Nilimsukuma ndani kwa mguu, nikafunga. Alikwaruza mlango mpaka tulipopinda kwenye kichochoro, nikaacha kumsikia. Dirisha la chumba kile halikuwa na kioo, kwa hiyo angeweza kutoka. Hilo nimejiambia mara nyingi. Jumatatu watu wa nyundo walikuja kubomoa. Mama Achieng, aliyekuwa wa mwisho kuondoka, alisema hakumwona, nami sikumuuliza tena.

Ndugu yangu Wafula alizaliwa Kawangware mwezi uliofuata. Mwaka mzima, kila alipokohoa, nilitoka nje nikasimama karibu na mfereji, nikisubiri kuitwa niambiwe kwamba ni kwa sababu ya lile gunia. Sikuitwa. Wafula alikua, akatembea, leo ni mwanamume mwenye ndevu. Kukhu alipokuja kumwona alimnyanyua juu, akasema neno moja: "Mmeona?" Mtoto alikuwa hai, na kwa hiyo paka alikuwa na hatia. Hapakuwa na njia nyingine ya kuhesabu.

Kukhu amefariki. Mwaka huu, nikimenya njegere na Mama mlangoni kwake, nilimweleza habari ya kona ya Ayany. Nilidhani atakasirika.

"Diwani hakuwa na makosa," alisema. "Ndiye alimpa Nekesa joto."

"Ulijua hivyo siku ile?"

"Nilijua."

"Mbona basi hukusema?"

"Niseme, halafu? Ningejaribu na mtoto gani?"

Nina watoto wawili sasa, na siamini kwamba paka hubeba kifo kutoka nyumba hadi nyumba. Hata kuzungusha gunia siamini, ingawa labda ningelizungusha, Diwani angebaki juani pale Ayany. Lakini nikijiweka mahali pa Mama, na tumbo lile la miezi minane, mlango ule naufunga tena, na safari hii sisubiri kuambiwa.