Mjomba wa Paka wa Kwenye Simu

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na kwa ile kampuni ya simu sikuwa na nia ya kuanza.

Dada yangu anauza karoti na kabichi sokoni Kihonda. Mikono yake hushinda na udongo, kwa hiyo binti yake wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa akimbonyezea namba ya siri kila alipowalipa wakulima kwa simu. Kwenye simu hiyohiyo mtoto alikuwa na mchezo wa kulea paka. Paka akilia njaa, chini yake kinatokea kitufe cha kumnunulia maziwa. Mtoto akabonyeza, akaweka namba ya siri kama alivyozoea, akamlisha. Paka akalia tena. Wiki haikwisha, mtaji wote wa dada ukawa umeishia tumboni mwa paka asiyekuwepo.

Kwetu Waluguru mtoto akiharibu, anayeitwa kulipa ni mjomba. Nikashuka kutoka kwangu Mgeta milimani, nikamkuta dada kakaa nyuma ya meza tupu na mtoto hataki kula. Nikamuuza mbuzi wangu wa maziwa, ikapatikana nusu ya mtaji. Iliniuma, lakini ni wajibu wangu. Walionichoma ni wale wengine. Waliotengeneza mchezo walisema tuulize duka la mtandaoni ulikopakuliwa. Duka likatuelekeza kampuni ya simu. Kampuni ikasema namba ya siri ilikuwa sahihi, basi mwenye simu aliridhia. Nilimuuliza mhudumu wao wa wateja kama wao hawapati chao katika kila maziwa ya yule paka. Akasema ana wateja wengine wanasubiri.

Nami nikasubiri. Watu wale wa kampuni ya simu hawakai mbali na wanunuzi. Siku moja wakaja na gari la matangazo, muziki na fulana za bure, karibu kabisa na meza ya dada. Mshereheshaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikapanda jukwaani kwa furaha ambayo sioni haya kuikiri, nikawasimulia habari ya paka wa kwenye simu.

"Mpwa wangu aliharibu, na mimi mjomba wake nimelipa," nikasema. "Huyu paka ana wajomba watatu, wote wanajificha. Mmoja ndiye mwenye gari hili."

Watu wakacheka. Kisha mama mmoja akasema la mwanawe, na mwingine, na mwingine. Muziki ukazimwa. Meneja wao, mwanamke kijana mwenye suti, akaninong'oneza kwamba pesa ya dada yangu itarudi jioni hiyohiyo, mradi niseme nilikosea na nishuke.

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu. Sitasema uongo, tamaa ilinishika. Halafu nikawatazama wale kina mama, nikaiinua.

"Meneja anasema pesa za watoto zinarudishwa leo. Pangeni foleni."

Alinitazama kwa chuki, nami nikaifurahia. Wa kwanza kufika mbele yake alikuwa mpwa wangu. Akamwamkia shikamoo, akamkabidhi simu ya mama yake, akasimama pale kungoja.