Sikio la Fundi Vioo

Baba alikuwa fundi vioo. Chombo chake cha kazi kilikuwa kalamu fupi ya mbao yenye punje ya almasi kwenye ncha, ndogo hata ukaitafuta kwa macho. Aliitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na kwa habari ya kuiazimisha alikuwa mkono wa birika kweli kweli. Mama aliiita mke mwenza.

"Mwenzangu ameamkaje leo?" humuuliza Baba asubuhi akimmiminia chai.

"Mkali kama kawaida."

Siku moja nilirudi shuleni nikawaeleza kwamba almasi na makaa ni kitu kimoja, kaboni tupu, ila ndani ya almasi kila chembe imewakamata jirani zake wanne na haiwaachii. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

"Kumbe jikoni nina gunia zima la wake wenza!"

Baba hakuwa na mzaha na almasi yake. Alinionya kwamba ugumu ule usinidanganye: almasi hukwaruza kila kitu duniani, lakini ukiigonga pabaya inapasuka. Tena haikati ovyo. Ina ukingo wake, na ukilaza kalamu kidogo tu kupita kiasi, inachubua kioo badala ya kukikata. Ukingoja macho yakwambie, umeshaharibu. Fundi husikiliza. Mkato mzuri hunong'ona, mbaya hupiga kelele za kutia ganzi meno. Nasi tuliusikia wote, maana karakana ilikuwa chumba cha mbele na jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao. Mama alilalamikia kelele zile miaka nenda rudi.

Mwaka niliomaliza shule, Baba akaanza kuvunja. Kwanza dirisha la jirani, kisha mlango wa kabati. Alivilaumu vioo.

"Vya siku hizi takataka tupu," alisema, nami nikaamini.

Mama hakuamini. Alisimama mlango wa jikoni akamwita, Baba asigeuke. Akamwita kwa lile jina la faraghani, ambalo sisi watoto hatukupaswa kulijua. Baba akaendelea kupima kioo chake. Basi akajifuta mikono, akaenda akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Baba alishtuka, akamtazama, kisha akainamia kioo akaanza kukata. Almasi ikapiga kelele. Mama akainua mkono. Baba akasita, akaisimamisha kalamu wima kidogo, na mkono ukarudi begani. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa kioo. Baba alipokibana kwa vidole kikaachana sawasawa, naye akageuza uso dirishani, kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtoka. Kazi ilikuwa imebaki mikononi mwake.

Neno uziwi halikutamkwa nyumbani kwetu. Tangu siku hiyo akija mteja Mama huacha sufuria motoni, na tumekula wali ulioungua mpaka tukauzoea. Wateja waliona ni mapenzi ya uzeeni.

"Nyinyi fungate yenu haiishi?" waliwatania.

"Namchunga," Mama hujibu. "Huyu na mke mwenza wangu hawaaminiki."

Ningepewa kurudia siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua yoyote katika hizo, na wali wake ulioungua.

Kisha Mama akafa. Watu walipokwisha kutawanyika baada ya maziko, mteja mmoja alileta kioo cha dirisha. Baba alikitazama muda mrefu, akaniita.

"Mwanangu, njoo usimame hapa."

Nilimwekea mkono begani, palepale pa Mama. Niliogopa kupita siku ya mtihani wowote. Baba akaanza kukata, na kioo kikanong'ona, laini kabisa, kama nilivyokisikia utotoni. Mkono wangu nikautuliza. Almasi ilifika katikati, Baba akaacha.

Nikainamisha uso mbele yake aone midomo yangu. "Mbona umeacha, Baba? Inakata vizuri."

"Umeinua mkono."

"Sijainua."

Aligeuka akatazama bega lake. Mkono wangu ulikuwa bado pale. Akaufunika kwa wake, kisha akamwomba mteja, kwa adabu zake zote, akatafute fundi mwingine.