Namba Moja kwenye Orodha

Nyumbani dada yetu aliitwa Mkaidi. Kazini alikuwa mpimaji damu wa hospitali ya mkoa, na huko pia jina lilimfaa.

Mkoa ulikuwa na orodha ya wataalamu arobaini wa kuitwa magonjwa mageni yakibisha hodi. Ilibandikwa ofisini kwa mkuu wa kitengo, imepigwa mihuri. Asubuhi moja Mkaidi alichukua simu akawapigia wote. Wa kwanza alikuwa keshazikwa. Wa nne alikuwa anauza vigae. Waliopatikana ni tisa tu, tena wa miji ya mbali. Akaenda kumwambia mkuu.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, mkuu. Nilitaka tujue mapema."

"Kazi yako ni vichupa! Wageni wa wizara wanakuja Alhamisi kuona arobaini, wewe unaniletea tisa?"

"Marehemu huamshwa kwa tarumbeta ya Mungu, mkuu, si kwa simu yako."

Wenzake waliziba vinywa wasicheke. Mkuu alimtupia kalamu. "Basi jiandike wewe mahali pa marehemu, bingwa!"

Mkaidi akakata jina la marehemu, akaandika lake, na namba ya simu. Alhamisi wageni walipiga picha wakaondoka. Kila wiki alikumbusha majina yarekebishwe, lakini mkuu hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mwezi wa tano homa ikaingia, watu wakitoka damu puani. Mkuu akaanza kupiga simu kutoka juu.

"Namba moja, njoo basi!"

Mkaidi akaenda wodini. Wale tisa wa mbali hawakupelekewa gari la kuwaleta. Siku sita alitoa damu za wagonjwa peke yake, jozi moja ya glavu akiivaa siku nzima. Ya saba akalazwa. Ya kumi Mungu alimchukua, na Mungu hatumlaumu.

Kaburini mkuu alikunjua karatasi. "Tumempoteza mtaalamu wetu wa kwanza..."

"Endelea, baba," mama akamkatiza. "Soma na wa pili. Alikuwa wapi?"

Mkuu akakunja karatasi.

Mwaka umepita. Orodha bado iko ukutani, jina la Mkaidi juu kabisa. Mama huichaji simu ya Mkaidi kila siku baada ya sala. Tukimwambia aizime, hujibu, "Niacheni. Wakipiga, nitapokea mimi."