Shingo ya Shangazi, Pichani na Kivulini

Shangazi yangu alikuwa na sauti ya kusimama Mbeya mjini akaita ng'ombe walioko Usangu. Sitii chumvi, au natia kidogo tu. Kwa hiyo, katikati ya miaka ya sabini, alipoanza kunong'ona na ugali ukawa unamkwama, ukoo mzima uliogopa. Neno kansa ya koo hakuna aliyelitamka. Lilikaa nasi mezani kama mgeni ambaye hajasalimiwa.

Mbeya walimpiga eksirei ya shingo. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, darasa la chemli moja na watu mia tisa, ndimi niliyeiinua ile picha dirishani nikaisoma mbele ya wote: mifupa myeupe imepangwa vizuri, nyama kama moshi, kidonda hakuna. Daktari naye alikuwa amesema haoni kitu, ila picha hiyo haionyeshi njia ya chakula. Aende Iringa akameze dawa huku anaangaliwa. Hayo ya mwisho masikio yetu yaliyaruka. Tulichinja jogoo. Watu wakala, wakacheka. Shangazi alitafuna kipande kimoja mpaka wageni wakaaga, kisha akakitemea kiganjani.

"Picha yenu imeshiba," akaniambia. "Mimi bado."

Basi tukaenda Iringa, tukafikia kwa mdogo wake, mtaa wa Mlandege, na asubuhi tukawa hospitali. Kwenye korido alikuwa akitembea daktari mwenye miwani nyekundu, mchana kweupe, macho kama ya fisi aliyemulikwa na lori. Wagonjwa walimpisha mpaka wakagusa ukuta. Muuguzi akatutuliza: anayazoesha macho yake giza, bila hivyo mashine haimwonyeshi kitu.

Chumba kilikuwa cheusi kuliko kaburi, na kaburi nimewahi kuchimba. Nilivishwa aproni nzito kama mfuko wa saruji, nikaruhusiwa kusimama kando, maana shangazi alikataa kuingia peke yake.

"Utanitangazia kama mpira wa redioni," alisema. "Nijue yanayotendeka ndani yangu."

Mashine ikanguruma. Kioo kikawaka kijani hafifu, na ndani yake akasimama mtu wa mifupa. Mambo yalikuwa kinyume na picha ya Mbeya: mifupa iliyokuwa myeupe sasa ilikuwa myeusi, tena ilikuwa inapumua. Mbavu zikapanda, zikashuka. Mkono ukainua kikombe, na bangili za shaba alizokataa kuvua zikaning'inia kwenye mfupa mtupu. Dawa niliyoiona nyeupe kama chokaa ikaingia mdomoni nyeusi kama lami.

"Meza, mama," daktari akasema gizani.

"Mpira unaondoka mdomoni," nikatangaza, "unapita katikati, unateremka kwa kasi ya treni ya Zambia..."

Weusi ukasimama. Ukajikusanya kooni, ukavimba, kisha ukapenya uzi mmoja mwembamba, ukikatika na kuungana kama maji ya bomba bovu. Daktari akasogeza uso karibu na kioo. Nami, ambaye sijakosa neno tangu kuzaliwa, nikalikosa.

Fuvu likageuka taratibu upande wangu.

"Mtangazaji," likanong'ona kwa sauti ya shangazi, "mbona redio imezimika?"

"Mpira umesimama, shangazi."

"Haya. Nimesikia."

Mashine ikazimwa. Mtu wa mifupa akatoweka, hakuacha hata alama ya kidole. Baadaye walimkata kinyama kidogo wakakipime, na majibu yalipokuja, shangazi aliyasikiliza kama habari ya jana. Siku ile ile ya kioo, tukitoka, alikuwa amenipitisha sokoni akanunua tenga zima la nyanya za Ilula. Supu, alisema, itapita kwenye uzi.

Ilipita mpaka karibu na mavuno.

Picha ya Mbeya ninayo bado. Nikiiinua dirishani, shingo ni safi kabisa.