Kilio cha Mfalme wa Lizaboni

Sikumpenda yule mpiga picha tangu siku aliyofika mtaani kwetu Lizaboni na kamera yake begani, ameifunika kitenge kama mtoto mchanga. Alimwamkia baba vizuri, shikamoo yake haikuwa na kasoro, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kuikagua nyumba yetu: baraza, nguzo, sakafu ya saruji, hadi kamba ya nguo. Mama naye aliyaona hayo macho. Tukatazamana. Nyumbani kwetu mimi na mama ndio tuliokuwa walinzi, baba alikuwa mlango usio na komeo.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, maduka yalifunguliwa kila kona, na kila mgeni aliyeshuka stendi ya Songea alikuwa mfanyabiashara wa kitu fulani asichotaka kukitaja. Wengine walikuwa wanapita tu kwenda Tunduru kutafuta mawe ya vito. Baba alikuwa amepunguzwa kazi serikalini, akarudishwa kwetu na suti zake mbili na mazoea ya kuamka mapema bila pa kwenda. Kilichomwokoa ni kibanda cha video kilichofunguliwa karibu na soko. Pale walionyesha picha za Kihindi za miungu na wafalme, zenye mwanamke anayegeuka nyoka na mungu mwenye mikono minne. Baba alikaa mbele na kuwatafsiria watu. Kihindi hakukijua hata neno la kuombea maji, mimi nilijua hivyo, ila kibanda kizima kilimwamini, kwa sababu maneno yake yaliingia midomoni mwa waigizaji sawasawa.

Mpiga picha alikuwa anaishi kwa kupiga harusi na komunyo ya kwanza. Aliposikia sifa za baba akaja na wazo lake: watengeneze picha ya Kihindi ya hapa hapa. Baba atoe hadithi, yeye atoe kamera. Baba hakuomba hata usiku mmoja wa kufikiri, alikubali wakiwa bado wamesimama uani. Hadithi ilikuwa ya mfalme anayeuawa na jini kwa hila, na binti wa maji anayeshuka kutoka milima ya Matogoro, pale mto Ruvuma unapoanzia, kuja kumfufua. Mfalme, bila shaka, alikuwa baba mwenyewe.

Mama aliuliza swali moja tu: huyo mtu anapata nini? Baba akamjibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama akasema wenyeji wengine hawaponi, wanazikwa. Akaingia jikoni.

Mimi niliingia kwenye ile kazi kwa nia moja, kumchunga mpiga picha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua kushona, basi nikapewa mavazi. Mapazia ya mitumba yakawa majoho. Taji tulilikata kwenye debe la mafuta, nikalibandika vipande vya chupa, kijani na kahawia. Binti wa maji alipakwa bluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, akajikuna mchana kutwa. Mikono yake minne ilikuwa yake miwili na ya mdogo wake aliyefichwa nyuma ya joho, na huyo mdogo alikuwa na tabia ya kupunga mkono wakati dada yake anaomba dua.

Mtaa mzima ulikuwa unatushuku. Katekista alikuja kuuliza, kwa upole wa mtu aliyetumwa, kama tunaabudu kitu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kulitazama taji. Aliligeuza kwenye jua kipande kwa kipande, maana ilikuwa inasemwa kwamba picha ni danganya toto, kazi yenyewe ni kupitisha mawe ya Tunduru. Nilimwambia ni chupa za bia. Akatabasamu, akasema na chupa nazo siku hizi zina bei.

Uvumi huo ulitokana na mtani wetu. Alikuwa Myao wa Nalasi, huko huko Tunduru, aliyekuwa akileta korosho Songea na, kwa maneno ya watu, vitu vingine. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakabaki na matusi ya kuchekeana. Yule bwana aliweza kuingia kwetu bila hodi, akala chakula cha baba mbele ya baba na kumwambia Mngoni ni mwizi wa ng'ombe aliyeishiwa ng'ombe. Msibani ndiko utani unakopata kazi yake hasa. Mtani anavaa nguo za marehemu na kumwiga, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anawachekesha wafiwa wakati hawana nguvu ya kucheka. Yeye halii. Mtani akilia msibani anatozwa faini.

Siku ya kupiga kifo cha mfalme, mama alituaga asubuhi kwamba anakwenda shambani. Kabla ya kuondoka alimwambia baba, mbele ya mpiga picha, kwamba kulala kama maiti ni jambo lake na Mungu wake, ila watu wasilie. Baba akamtuliza. Mpiga picha akaitikia kwa kichwa. Mama alipokata kona tu, akatuambia kwamba mfalme asiyeliliwa ni mfalme gani.

Tukamlaza baba barazani juu ya kitanda cha kamba, tukamfunika shuka jeupe. Mimi na wasichana wengine tukaanza kulia kidogokidogo, kwa aibu. Mpiga picha akasimamisha kamera, akasema tunalia kama watu waliopoteza sindano. Tukajaribu tena. Mara ya tatu mmoja wetu alikumbuka jinsi bibi yake alivyoliliwa, akapasua sauti yenyewe, ile ya kwetu, na sisi tukamfuata.

Ukiisikia ile sauti hapa kwetu huulizi. Unaacha ulichoshika. Kabla hatujavuta pumzi, wanawake walikuwa wanaingia uani, khanga zimefungwa kiunoni, huyu ana kuni kichwani, yule ana unga. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, bibi ambaye magoti yalimsumbua, alikuja anakokota mguu na bakuli la unga mkononi, machozi yanamtoka. Nilitaka kusema. Nikamtazama mpiga picha. Alikuwa ameinamia kamera yake na hakuizima, na nilimchukia pale kuliko siku zote.

Mtani naye akafika. Hakuuliza lolote. Akalitoa koti la baba msumarini, akalivaa, akaanza kutembea uani kama baba: kifua mbele, mkono mgongoni, anasafisha koo mara mbili kabla ya kumsalimia mtu kana kwamba yuko ofisini. Wanawake wakacheka huku wanalia. Halafu shuka likaanza kutikisika. Mfalme alikuwa anacheka.

Baba aliketi, uso umejaa poda, akaomba radhi, akaeleza kwamba ni picha tu. Mtani ndiye aliyemwokoa. Alimtoza jogoo papo hapo kwa kosa la kufa bila ruhusa ya watani, watu wakacheka kidogo, wakaanza kutawanyika. Lakini unga wa msiba haurudi nyumbani. Yule bibi wa ng'ambo alilitazama bakuli lake, akaumwaga unga kwenye kizingiti chetu, akajikokota kwenda zake bila kuaga.

Mama aliporudi aliukuta unga pale mlangoni na kuku wanadonoa. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alisimama juu yake na jembe begani.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alimwambia baba. "Siku tukilia kweli, nani atakuja?"

Baba akasema watu husahau. Mimi niliwatazama watu miezi ile yote na hawakusahau. Nikienda kuomba moto, jirani aliuliza kwanza kama ni wa picha. Mama alipoumwa jino akashika shavu njiani, mtu alichungulia nyuma yake kutafuta kamera. Mpiga picha alikuwa ameshaondoka na mikanda yake kwenda Dar kuiunganisha, akaahidi kuirudisha ikiwa picha kamili. Nilimwambia baba kwamba ile kamera pengine haikuwa na mkanda ndani tangu mwanzo. Baba alinicheka, akaniuliza nitaolewa na nani mimi, nisiyemwamini hata kivuli changu.

Baba aliugua masika yaliyofuata. Ilianza kama malaria, na kwa sababu ilianza kama malaria hatukuogopa. Alikufa mchana, mvua imetoka kukatika, mama ameshika kichwa chake na mimi nimeshika kikombe cha uji.

Mama alilia. Nikalia. Sauti ilitutoka ile ile, hakuna nyingine, Mungu hakutupa sauti mbili.

Hakuja mtu.

Nilitoka barazani kutazama. Ng'ambo ya barabara yule bibi alikuwa anapepeta mahindi. Aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kupepeta. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka sokoni walipunguza mwendo, wakatazama dirisha, wakatazama nyuma ya migomba. Mmoja akaniuliza leo tunapiga picha gani. Nilimwambia baba amekufa. Akatikisa kichwa, akacheka kwa pua, akasema hata mara ile nililia vizuri hivyo hivyo. Nilitamani kumrarua. Nilijua pia kwamba mimi, ningekuwa yeye, ningejibu maneno hayo hayo, na hilo liliniuma zaidi.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameketi sakafuni, anamnyoosha baba vidole kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiria jinsi ya kumbeba mumewe makaburini na binti mmoja.

Ndipo tukamsikia mtani. Aliingia bila hodi kama kawaida yake, anapiga kelele tangu uani, anauliza mfalme gani huyu anakufa kila mwaka, na kwamba safari hii jogoo mmoja hatoshi. Akapita mbele yetu. Akamkamata baba kidole gumba cha mguu, akakivuta kwa nguvu.

"Amka, Mngoni, kamera imeshaondoka."

Akakivuta tena. Halafu mkono wake ukatulia pale mguuni, akawa anaupapasa juu kidogo, na juu kidogo, hadi gotini. Akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa tu. Yule bwana akasema innalillahi, taratibu, kama anajisemea. Akatoka.

Nilidhani ameondoka. Nilimfuata hadi mlangoni, na shaka zangu zote zilikuwa nami: naye atatuacha. Alitembea hadi katikati ya barabara, akaketi kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia. Hakulia kwa mbwembwe. Alilia vibaya, mdomo wazi, kama mwanamume asiyejua kulia.

Ungo wa yule bibi ukasimama. Watu walitoka kwenye milango yao wakasimama kumtazama Myao anamlilia Mngoni. Nadhani kila mmoja alikuwa anangoja acheke. Hakucheka. Wa kwanza kusogea alikuwa bibi mwenyewe. Alirudi ndani, akatoka na bakuli la unga, akavuka barabara akipita pembeni ya mtani bila kusema naye. Alipoingia kwetu hakuuweka unga chini. Aliinama kwanza, magoti yake yale, akamgusa baba mguu. Kisha akauweka, akapaza sauti, na Lizaboni nzima ikaja.

Mpiga picha alifika siku ya mazishi, sijui nani alimpelekea habari. Vijana walimzuia njiani wakaupekua mkoba wake mbele za watu kutafuta kamera, naye akasimama ameinua mikono kidogo, hakulalamika. Mlikuwa na sukari na mkanda mmoja wa video. Alimkabidhi mama vyote viwili. Mama aliuviringisha mkanda ndani ya koti la baba, akauweka sandukuni, na upo huko hadi sasa. Hatujawahi kuutazama. Mama anasema baba anacheka mle ndani. Mimi bado nashuku kwamba hamna kitu.

Siku ya kuanua tanga, wakati watu wanasubiri chakula, mama alimwita mtani mbele ya wote. Alimkumbusha kwamba mtani halii msibani, kwamba yeye alilia barabarani mchana kweupe, na kwamba faini yake inajulikana. Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu tuzike. Mtani hakubisha. Alitoka, akarudi na jogoo amefungwa miguu, akamwekea mama magotini.

"Nimelipa, shemeji," alisema. "Ila ningecheka siku ile, mngemzika na nani?"

Mama alimfungua yule jogoo kamba, akamwacha aende uani.