Rangi ya Kucha kwenye Risasi

Jirani yetu hapa Wisconsin hutengeneza risasi zake mwenyewe, na ukimkuta karakanani anapima baruti, atainua kidole kimoja kinene kukunyamazisha hata kama uko katikati ya salamu. Redio huzimwa. Kila ganda la shaba hulimulika ndani kwa tochi kabla ya kulifunga, halafu hulimulika tena, kama hajiamini. Ndipo hugeuka: "Enhe, ulikuwa unasemaje?"

Mke wangu, Arlys, alikuwa ameapa kutogusa tena bunduki tangu siku ile bunduki yangu ilipompiga teke, bega likavilia damu. "Kosa la mumeo, shemeji," jirani akamwambia. "Nani humpa mtu farasi mkorofi ajifunzie kupanda?" Akamtengenezea risasi za upole, baruti kidogo, na kila moja akaipaka kitakoni rangi nyekundu ya kucha, isije ikachanganyika na zake yeye, za "wanaume wenye mabega." Arlys alifyatua ya kwanza macho kayafumba. Akayafumbua, akacheka. "Ndiyo hiyo tu? Lete nyingine!"

Asubuhi ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, jirani aliangusha dume kubwa mbele yetu. Akavuta komeo la bunduki yake, ganda likaruka, likadondoka miguuni pa Arlys. Akaliokota, akaligeuza. Kitako chekundu.

"Heee! Kumbe na wewe, shemeji?"

Uso ukamwiva jirani mpaka masikioni. Akainua kidole kile kile, na wala hapakuwa na baruti ya kupima.